Kubadilisha nozeli ya bunduki ya rangi: mwongozo kwa mafundi wa Dodoma

Boneti ya Noah ilikuwa imeshapigwa rangi, imekauka kiasi cha kupokea klia, ile rangi angavu ya juu inayoleta mng'ao. Nikajaza kikombe, nikainyanyua bunduki, na kabla kidole hakijagusa triga tone la kwanza likadondoka katikati ya boneti. Likafuata la pili. Jana yake nilikuwa nimefunga nozeli mpya ya 1.8 na kuiacha ndani sindano ya zamani ya 1.4, kwa sababu aliyeniuzia aliniambia sindano ni sindano. Ile boneti niliianza upya: kusubiri ikauke, msasa, rangi, klia. Siku mbili zikapotea, na mwenye gari, mzee mmoja mpole kutoka Bahi, akalala mjini kwa ndugu yake akilisubiri.

Naandika haya kwa vijana wanaopiga rangi Kizota, Nkuhungu, Chang'ombe na kule Ihumwa, na kwa wale wanaopulizia mageti na grili. Tangu Serikali ihamie Dodoma nyumba zinaota kila upande, na kazi ya mageti haikatiki. Wengi tunaanza na bunduki moja ya bei nafuu, tunaitumia kwa praima (ile rangi ya chini kabisa), kwa rangi na kwa klia, halafu siku tukipata vijisenti tunaiongezea vifaa: seti ya nozeli yenye namba nyingine, au regulata, yaani kidhibiti cha presha ya hewa, yenye geji ya kufunga kwenye mpini. Vyote viwili vinafaa sana. Ila vinafungwa kwenye kitu chenye hewa ya presha na tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, inayoshika moto, kwa hiyo mpangilio wa hatua usiuchukulie kirahisi.

Unabadilisha nini hasa

Mbele ya bunduki kuna vitu vitatu vinavyofanya kazi kama kimoja. Nozeli ni kile kichwa kidogo chenye tundu ambamo rangi inatokea. Sindano inapita katikati ya bunduki kutoka nyuma, na ncha yake inaziba tundu la nozeli hadi utakapovuta triga. Kofia ya hewa ni ile ya mbele yenye masikio mawili, na matundu yake ndiyo yanayoivunja rangi kuwa ukungu na kuutandaza kwa upana. Mtengenezaji huvichonga vitatu hivi vilingane. Pembe ya ncha ya sindano imefuata pembe ya ndani ya nozeli, na matundu ya kofia yamepimwa kwa kiasi cha rangi ambacho nozeli ile inatoa. Ndiyo maana vinauzwa kama seti, na ndiyo maana nasisitiza: ukibadilisha kimoja, badilisha vyote vitatu. Muuzaji akikuambia chukua nozeli tu, muulize namba iliyochongwa kwenye sindano yako ni ipi. Namba ipo, kwa kawaida upande wa nyuma wa sindano na usoni mwa nozeli, ukifuta kwa kitambaa chenye tina utaiona.

Namba hiyo ni upana wa tundu kwa milimita. Kwa rangi ya gari na klia, 1.3 au 1.4 ndiyo ya kila siku. Praima nzito ya kujazia inataka 1.7 hadi 2.0. Bunduki ndogo za kurekebisha mikwaruzo huwa na 0.8 au 1.0. Kutoka 1.4 kwenda 1.8 kunaonekana ni kidogo, lakini eneo la tundu linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 60, na mkono uliozoea 1.4 utashangaa machozi ya rangi yakitiririka mlangoni kabla hujageuka.

Kabla hujanunua seti kubwa, itazame kompresa yako. Bunduki nyingi za HVLP, yaani zile za hewa nyingi kwa presha ndogo, zinakunywa lita 250 za hewa kwa dakika na kupanda. Kompresa ndogo ya lita 50 yenye farasi 2 haifiki hapo kwa mfululizo. Itakupa sekunde kadhaa nzuri, kisha presha inashuka na rangi inaanza kutoka mabongemabonge. Na sisi wa Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kompresa ile ile hapa inasukuma hewa pungufu kwa kila mzunguko. Ukiwa na mashine ndogo, pumzika katikati ya paneli na uiache ijae. Usiibane swichi ya presha ili ipande zaidi ya ilivyowekwa kiwandani.

Hewa kwanza

Mwaka mmoja kijana niliyekuwa nikimfundisha alikaa juu ya dumu, bunduki ameibana kati ya magoti, akaanza kufungua pete ya kofia ya hewa. Mpira ulikuwa bado umechomekwa. Kompresa ilikuwa imezimwa, naye aliamini kuzimwa kunatosha. Spana ikateleza, triga ikagonga paja, tina iliyobaki kwenye kikombe ikampata usoni. Tulimlaza chali, nikamfumbua kope kwa vidole huku mwenzangu akimimina maji safi taratibu kutoka kwenye dumu, tukaendelea hivyo kwa robo saa nzima, ndipo tukampeleka hospitali. Jicho lilipona. Nyekundu ile ya jicho lake nimeibeba hadi leo.

Kwa hiyo kabla ya spana yoyote kugusa bunduki, fanya hivi. Zima kompresa na uchomoe waya. Funga koki ya mtungi. Elekeza bunduki kwenye ndoo, mbali na uso wa mtu, vuta triga mpaka mlio wa hewa uishe kabisa, na geji irudi sifuri. Kisha chomoa mpira kwenye bunduki. Hata geji ikisoma sifuri, chomoa. Geji za bei nafuu mshale wake hukwama. Mpira ukiwa mkononi mwako, umetengana na bunduki, hapo ndipo unaweza kusema hewa imetoka.

Kuna tabia nyingine ya gereji ambayo nataka tuiache. Mtu anamaliza msasa, anachukua mpira wa hewa na kujipulizia vumbi nguoni, wakati mwingine anampulizia mwenzake kwa utani. Hewa ya kompresa ikigusa kidonda au ngozi kwa karibu inaweza kuingia mwilini, na ikielekezwa sikioni inaweza kupasua ngoma ya sikio. Chembe ya chuma ikiruka kwa presha ile, jicho halina nafasi. Kung'uta nguo kwa mkono kunatosha.

Na valvu ya usalama ya kompresa, ile yenye kipete cha kuvuta, usiizibe kwa boliti eti inavuja. Ikivuja, nunua nyingine yenye presha ile ile iliyoandikwa. Mtungi ukipasuka haumjeruhi fundi rangi peke yake. Jirani anayeuza chipsi ukutani naye yumo. Mwaga maji ya mtungi kila siku kwa koki ya chini, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayokula chuma kutoka ndani, mahali usipopaona.

Halafu moto. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hautawanyiki juu, unatambaa chini kama maji. Gereji zetu nyingi fundi rangi na mchomeleaji wamegawana banda moja, na mama lishe ana jiko la mkaa hatua chache tu. Kabla ya kufungua kopo la tina, mwombe mchomeleaji asimame kidogo, na uangalie upepo unaelekea wapi. Wala usione haya kumwomba. Mwambie, "Kaka, naomba nusu saa, nafungua tina hapa." Hakuna fundi mwenye akili atakayekukatalia.

Kufungua

Tafuta meza iliyo safi na utandike kitambaa cheupe au karatasi. Ukifanya kazi hii juu ya udongo wetu mwekundu, springi moja ikiruka umeshaipoteza, na chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye tundu la nozeli utailaumu rangi bure. Vaa glavu za nitrili na miwani. Uwe na spana iliyokuja na bunduki, brashi ndogo, vijiti vya meno, kitambaa kisichotoa nyuzi, na kopo la tina safi.

Mwaga rangi iliyobaki. Tia tina kidogo kwenye kikombe, tikisa, mwaga. Usifungue bunduki yenye rangi mbichi ndani. Rangi itaingia kwenye njia za hewa, na humo haitoki kirahisi.

Sasa mpangilio wenyewe, na hapa ndipo wengi wanakosea. Anza na sindano, ndipo uje nozeli. Fungua kile kitufe cha nyuma cha kupimia rangi taratibu huku umekisindikiza kwa kidole gumba, maana springi iko nyuma yake. Toa springi, kisha vuta sindano moja kwa moja kwenda nyuma, bila kuizungusha wala kuipinda. Ukianza kufungua nozeli sindano ikiwa bado imekaa ndani, nozeli inajizungusha juu ya ncha ya sindano, na mkwaruzo mdogo ambao jicho halioni unatosha kuifanya bunduki idondoke milele. Nimeona sindano mpya zikiharibiwa siku ya kwanza kwa njia hii hii.

Sindano ikishatoka, fungua pete na uondoe kofia ya hewa kwa mkono. Haihitaji koleo. Ikiwa imegoma kwa rangi kavu, ipake tina kwa brashi, subiri, jaribu tena. Mwishoni fungua nozeli kwa spana yake inayoishika vizuri. Koleo au spana legelege itaviringisha kona za nozeli, na nyingine ni shaba laini.

Nyuma ya nozeli angalia kama kuna pete au wosha. Bunduki nyingi zina pete inayogawa hewa, mara nyingine ya plastiki, na upande mmoja una kijinundu au kitundu cha kuilenga mahali pake. Piga picha kwa simu kabla hujaitoa. Ikiwa imepasuka au imekunjamana usiirudishe. Hewa itachepuka hapo na mchoro wa rangi, yaani umbo la rangi inavyotandaa, utakuwa wa upande mmoja.

Safisha nyumba ya nozeli kwa brashi. Usitumie waya wala ncha ya kisu kwenye tundu lolote. Matundu ya kofia ya hewa yamepimwa, ukiyapanua hata kwa unywele mchoro unaharibika. Kijiti cha meno kilicholowa tina ndicho chombo chake. Na usiilaze bunduki nzima kwenye kopo la tina usiku kucha kama tulivyofundishwa zamani: tina inaosha grisi yote na kuvimbisha oringi, zile pete za mpira, asubuhi unakuta triga ngumu na hewa inavujia mpinini.

Jambo moja zito zaidi. Dawa ya kuchubulia rangi yenye dikloromethani isiingie kabisa kwenye bunduki ya aluminiamu. Dawa za aina hiyo, zenye klorini, zinaweza kushambuliana na aluminiamu, na ndani ya chombo chenye presha zinaweza kulipuka. Soma kopo. Kama lebo imefutika, chukulia kwamba imo.

Kufunga seti mpya

Toa vitatu kwenye pakiti, soma namba kwenye kila kimoja. Angalia ncha ya sindano kwa mwanga wa pembeni: iwe nyoofu, iliyong'aa, bila ukungu wala mstari. Iviringishe juu ya kioo. Ikichezacheza imepinda, irudishe dukani.

Kufunga kunakwenda kinyume cha kufungua. Nozeli kwanza. Ianze kwa vidole, mizunguko miwili mitatu ya mwanzo iingie laini kabisa. Ikikaza mapema umeiingiza kombo, rudi nyuma. Ikifika mwisho malizia kwa spana fupi, kwa nguvu ya mkono mmoja, uhisi imekaa. Legelege itapitisha hewa kwenda kwenye kikombe. Ukiing'ang'aniza sana utaukata uzi wa bunduki yenyewe, na bunduki iliyokatika uzi ni chuma chakavu. Fuata kofia ya hewa na pete yake, kwa mkono.

Sindano mwisho. Ipake grisi kidogo sana pale inapopita kwenye pakingi (kile kizibo laini kinachozuia rangi isivuje kando ya sindano), si kwenye ncha. Grisi iwe isiyo na silikoni. Silikoni na rangi ya gari ni maadui. Chembe yake ikifika kwenye paneli, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo kila mahali. Kwa sababu hiyo hiyo dawa ile ya kung'arisha dashibodi na matairi isipulizwe kamwe kwenye banda la rangi, hata kama gari ni la mteja mwingine.

Isukume sindano kutoka nyuma polepole mpaka uihisi imekaa kwenye nozeli. Rudisha springi, kisha kitufe. Sasa nati ya pakingi, ile ndogo inayoizunguka sindano karibu na triga: kaza kidogo, vuta triga na kuachia. Sindano irudi yenyewe kwa mkupuo. Ikirudi kwa uvivu, nati imebana kupita kiasi, ilegeze kidogo. Rangi ikijitokeza kwenye nati, kaza kidogo. Nenda rudi mpaka upate pale katikati. Hii ndiyo sehemu ya kazi inayotaka subira kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha bunduki inayodondoka na isiyodondoka.

Kama unaongeza regulata yenye geji, inakaa chini ya mpini, uzi wake kwa kawaida ni robo inchi. Angalia kama ina wosha au oringi yake. Ikiwa nayo, tepu haihitajiki. Kama haina, zungusha tepu nyeupe ya mabomba mara mbili tatu kufuata uelekeo wa kukaza, na uache uzi wa kwanza wa mbele wazi. Tepu ikifika ukingoni, vipande vyake vinakatika na kusafiri hadi kwenye kofia ya hewa, nawe utahangaika kutafuta kwa nini sikio moja halipulizi. Chujio cha maji kisikae kwenye kompresa moja kwa moja. Hewa inatoka hapo ya moto na maji yake bado ni mvuke. Yanapita chujio kama hayapo, kisha yanapoa njiani na kutokea kwenye klia yako. Kifunge mita kadhaa mbele, hewa ikishapoa. Mtu anaweza kusema Dodoma ni pakavu, maji yatoke wapi. Mwaga mtungi wako mwezi wa Februari uone.

Majaribio kabla ya kugusa gari la mtu

Tia tina safi kwenye kikombe, bila hewa, uninginize bunduki kwa dakika tano. Ikidondoka, sindano haijakaa: ama kuna uchafu kwenye tundu, ama pakingi imebana, ama seti si moja. Usipite hapa mpaka iwe kavu.

Chomeka hewa kwa presha ndogo, kama bar 1, triga ikiwa haijaguswa. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vya mpini na regulata. Povu likipanda, zima, toa hewa kama mwanzo, ndipo ukaze. Usikaze kitu chenye hewa ndani. Kisha vuta triga nusu. Lazima hewa itangulie, tina ifuate ukivuta zaidi. Vikitoka pamoja, au tina ikitangulia, sindano haijakaa mahali pake na kila mwanzo wa mstari utakuwa na doa. Mapovu yakichemka kwenye kikombe unapovuta triga, nozeli au kofia imelegea, au pete ya nyuma imeharibika.

Sasa weka presha. Soma geji triga ikiwa imevutwa, maana ukiachia inapanda na kukudanganya. Bunduki nyingi za HVLP zinafurahia karibu bar 2 pale hewa inapoingilia mpinini, yaani kama psi 29, ila karatasi ya bunduki yako ndiyo ya kufuata. Kwa maana yenyewe ya HVLP, presha pale kwenye kofia haizidi psi 10. Kupandisha hadi bar 4 eti rangi iwe laini kunaitawanya hewani, na rangi unayoiona ikipaa kama moshi ni pesa ya mteja.

Badili tina kwa rangi, kisha bandika gazeti ukutani. Simama umbali wa shubiri moja, geuza masikio ya kofia yawe juu na chini ili mchoro ulale, halafu vuta triga bila kusogea, ushikilie mpaka rangi ianze kutiririka. Tazama machozi yake. Yakishuka sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi yako ni safi. Yakizidi upande mmoja, geuza kofia nusu mzunguko na urudie. Uzito ukihamia upande wa pili, kosa liko kwenye kofia, kuna tundu limeziba. Ukibaki pale pale, kosa liko kwenye nozeli. Jaribio hili dogo limeniokoa mara nyingi kuliko jingine lolote, na linagharimu gazeti moja. Machozi yakizidi katikati, rangi ni nzito au presha ni ndogo. Mchoro ukigawanyika mafungu mawili na katikati kukawa kweupe, hewa imezidi rangi: punguza presha au fungua kitufe cha rangi.

Baada ya hapo piga fenda chakavu. Kwa 1.8 itabidi mkono wako ukimbie zaidi, na kila mstari uufunike uliotangulia kwa nusu. Mpe mkono siku ya kuzoea.

Pumzi yako

Rangi na klia za 2K, yaani za sehemu mbili, zinachanganywa na hadena, dawa ya kuzifanya zikaze, na hadena nyingi zina kemikali iitwayo isosayaneti. Hiyo haina harufu ya kukuonya vya kutosha, na ikishakuzoesha vibaya mapafu inaleta pumu isiyoondoka. Fundi anaweza kulazimika kuacha kazi kabisa, akawa hawezi hata kupita karibu na banda. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii chochote hapa. Kiwango cha chini kabisa ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa na vya vumbi, iliyokaa sawasawa usoni, vichujio vikibadilishwa kwa wakati na kufungiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa baada ya kazi. Kilicho bora ni barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje. Ndevu zinaivunja barakoa. Hewa inapita pembeni. Na wanaokuja kutazama kazi, hasa watoto wa jirani, waondoke kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, kwa hiyo kijana ukiajiriwa kwenye gereji uliza barakoa kabla ya kuuliza posho.

Kuhusu muda, piga rangi asubuhi mapema, kuanzia saa moja hadi saa tatu, kabla upepo wetu haujaamka na kuleta vumbi. Mwagia sakafu maji nusu saa kabla. Mchana wa Oktoba tina ya kawaida inakauka hewani kabla ya kufika kwenye paneli na rangi inakaa kavu kama unga. Omba dukani tina inayochelewa kukauka.

Kazi ikiisha, toa hewa kama ulivyofanya mwanzo, osha bunduki na kuifuta, itundike. Halafu chukua seti ya zamani, nozeli, sindano na kofia, visafishe, vifunge pamoja kwa waya laini, vitie kwenye kikopo chenye mfuniko na uandike namba juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Changu kimeandikwa 1.4, kiko kwenye rafu karibu na dirisha, na sindano haitoki humo bila nozeli yake.